Pepo wa Bibi Alipotaka Ngoma

Wiki iliyopita nilikwenda Msambweni kwa harusi ya binamu yangu, na ngoma ilipolia tu, miguu ikasahau umri wake. Nilicheza mpaka leso ikanidondoka kichwani. Watu walidhani ni furaha ya harusi. Wewe rafiki yangu nitakuambia ukweli: nilikuwa nimerudi mwishoni mwa miaka ya tisini, uani kwetu, siku alipopungwa pepo bibi yangu.

Nilikuwa na miaka minane. Kila alasiri, bibi akirudi kuokota korosho, kazi yangu ilikuwa kumsugua mgongo kwa dodoki. Siku moja dodoki likateleza hadi kwapani, nikagusa kitu kigumu kando ya titi. "Ni kivimbe tu," akasema. "Hakiumi. Kitu kisichouma kina ugonjwa gani?" Akaniambia nisimwambie mtu, nami nikanyamaza, maana bibi alikuwa mkali wa siri na mkarimu wa kashata.

Kilipoanza kumnyima usingizi alikwenda kwa fundi wa pepo, ingawa hospitali ilikuwa mwendo wa mguu. Usimcheke. Kumfunulia titi daktari, tena mwanamume wa umri wa mwanawe, kwake ilikuwa aibu isiyosemeka. Pepo haombi mtu avue nguo. Bibi akamwambia fundi kwamba hana raha wala hapati usingizi, basi. Fundi akasema pepo amekasirika, anataka ngoma na chano.

Na chano chenyewe! Halua, miwa, ndizi mbivu, mayai, marashi ya mawaridi. Pepo yule ladha yake na yangu zilikuwa moja. Ngoma zilipigwa siku mbili, ubani ukafuka mpaka macho yakatuwasha, shangazi zangu wakaimba wakakauka sauti, na bibi, aliyelalamikia magoti kila asubuhi, akasimama katikati akacheza kama msichana. Sijapata kuona raha kama ile maishani mwangu. Chano kilipoachiwa watoto nilikula halua mpaka tumbo likaniuma.

Bibi akatangaza kwamba amepona. Ila mimi nikimsugua, kile kitu kilikuwa kinakua, na ngozi ya juu yake ilikuwa imeanza kujikunja. Nisikufiche: nilifurahi. Kikikua, ngoma itarudi. Nikangoja.

Nilipochoka kungoja nilimwendea jirani yetu, nesi kutoka bara, aliyekuwa akifua uani kwake.

"Shikamoo mama nesi. Pepo wa bibi amekua. Ngoma itapigwa lini?"

"Marahaba. Amekua wapi?"

Nikamwonyesha kwapa langu. Mikono yake ikasimama ndani ya povu. Akaja kwetu bila hata kujifuta, akajifungia chumbani na bibi. Alipotoka akamwambia mama yangu kwa sauti ya chini, "Mama, mzee aende hospitali kesho asubuhi. Mlikuwa mnangoja nini?"

Mama hakujua lolote.

Hospitali ikampeleka Mombasa, nami nikafuatana nao, na huko daktari akauliza kilianza lini. "Juzijuzi tu, mwanangu," bibi akasema. Nami, kwa fahari ya mtoto anayejua jibu, nikasema kilikuwapo tangu korosho za mwaka jana. Daktari akaweka kalamu chini. Bibi alikatwa titi, akarudi nyumbani amekonda, na hakuifikia Ramadhani.

Fundi naye ametangulia, na uani kwetu sasa pamejengwa vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa hoteli. Wapo wanaodhani naichukia ngoma ile. Siichukii, naitamani mpaka leo, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nilipomwona bibi akicheka kwa kinywa kipana. Kinachoniuma ni kwamba siku zile mbili watu wazima wote walipiga magoti kumwuliza pepo anasumbuliwa na nini. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, na jibu ninalo, na hakuna aliyeniuliza.