Chumba Kisichokalika

Mwenye nyumba wetu alishona sare za shule tangu usichana, na kwa jasho la cherehani yake akajenga vyumba vya kupangisha kuzunguka ua wa saruji. Sisi wapangaji tulimwita Mama Kufuli, tukihakikisha hayupo karibu, maana mtu akihama tu mlango wake ulitundikwa kufuli kubwa kama ngumi, utadhani chumba kitatoroka.

Chumba kilichofungwa mara nyingi kuliko vyote kilikuwa cha kati. Ajabu ni kwamba ndicho kilichokuwa kizuri zaidi: kipana, chenye vigae sakafuni na dirisha kubwa la kuangalia uani. Lakini hakikukaa mtu. Dereva wa lori alihama hata vyombo hajamaliza kuvipanga. Mwalimu wa hesabu aliaga kwa adabu, akisema amepata nyumba karibu na shule, kumbe alikohamia ni mbali zaidi. Wakaja maharusi. Nao walilalamika kwamba wanabanwa, kisha wakaenda kupanga chumba kidogo kuliko hicho.

Mama Kufuli akawa halali vizuri. Si kwa hasira. Alitaka tu kujua.

"Kuna kitu humo," mdogo wake wa kike alimwambia. "Tafuta mtu akiombee."

"Kiombewe kinaumwa nini? Kila tofali nimeliona likiingia. Kama kuna kitu, mimi dada yako nikione kwa macho yangu."

Basi Jumapili moja asubuhi na mapema, kabla hatujaamka, akaingia mle chumbani na kigoda na chupa ya chai. Mdogo wake akamfungia kwa nje, kufuli likaning'inia kama kawaida, akaondoka na ufunguo. Walikubaliana arudi mchana.

Haya yote alitusimulia baadaye. Sisi tulichojua ni kwamba Jumapili ni siku ya kufua, na bomba la ua liko chini ya dirisha lile lile. Tukajaa na mabeseni yetu. Maji yakamwagika, ndoo zikagongana, na maneno nayo yakafunguliwa. Tulianza na mume wa jirani, tukapita kwa mtoto wa mwenye duka, hatimaye, kama ilivyo ada, tukamfikia mwenye nyumba.

"Paa langu linavuja mwaka wa pili huu," alisema muuguzi wa chumba cha mwisho. "Nimwambie nani? Ukimwambia jambo anakunja uso kama umemtukana."

"Na huu mtaro?" nikadakia mimi. "Unaziba kila siku kwa sababu yake. Anatupa vitambaa vyake vya kushonea humu."

"Si kweli!"

Sauti ilitoka ukutani. Muuguzi akaangusha kopo. Ndoo yangu ikajaa, ikafurika, wala hakuna aliyekumbuka kufunga bomba.

"Vitambaa hivyo si vyangu!" Uso wa Mama Kufuli ukatokea nyuma ya nondo za dirisha, miwani ikiwa imepanda kipajini.

Laiti ardhi ingepasuka! Tungekimbia, lakini nguo zetu zote zilikuwa majini. Yeye naye angetoka, lakini ufunguo haukuwepo. Tukabaki tunatazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa yeye.

"Kwa hiyo hawa wote waliokaa humu," akauliza taratibu, "walikuwa wanasikia kila kitu?"

"Na sisi tuliwasikia wao, mama," muuguzi akajibu kwa aibu. "Ugomvi wa wale maharusi tuliujua neno kwa neno."

"Na dereva?"

"Alikuwa anaendesha usiku, analala mchana. Kwa kelele za ndoo hizi angelalaje?"

"Hee! Mbona hawakuniambia?"

Tukainamia mabeseni yetu. Aliangalia chini kidogo, akajimiminia chai, kisha akavuta kigoda karibu na dirisha. "Haya, hilo paa linavuja upande gani?"

Mdogo wake aliporudi na ufunguo alitukuta bado tunazungumza, na dada yake hakuwa na haraka ya kutoka.

Wiki iliyofuata fundi bomba alihamishia bomba kule karibu na geti. Alipozibua mtaro, akavuta fungu la vitambaa vya sare. Mama Kufuli alivigeuzageuza kwa kijiti. Vilikuwa vyake kweli, vile alivyotugawia tusugulie masufuria, nasi tukavisuuza bombani mpaka vikatuponyokea mtaroni. Hatukujua acheke nani na nani aombe radhi.

Paa la muuguzi lilizibwa. Chumba cha kati kikapata mlinzi anayelala mchana kutwa, na hajahama mpaka leo. Mama Kufuli ana bomba lake ndani ya nyumba, lakini Jumapili huja na beseni lake getini. Sisi husogea kumpisha, naye huuliza, "Enhe, kuna nini kipya?"