Injini ya Mama Sare

Mama mkubwa amechoka. Simsengenyi, ni yeye mwenyewe anayesema hivyo kila asubuhi anapoketi kwenye usukani, mguu wa kushoto ukiikanyaga klachi kama anayesukuma kabati. Kwanza anashusha pumzi, halafu anawasha. Gari linakohoa mara tatu na kunyamaza. Anasubiri bila kulikasirikia, anawasha tena.

Mtaani wanamwita Mama Sare. Kwa miaka thelathini na mmoja ameshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye cherehani mbili na meza ya kukatia iliyobonyea katikati. Mimi ni mtoto wa mdogo wake, nakaa naye tangu nianze sekondari. Gari lake ni lile refu la kubebea familia, lenye buti kubwa kama sebule na rangi ya chai iliyozidi maziwa. Hakuna anayelitamani. Vijana wa kona wanaliita jeneza la ukoo. Hata lilipokuwa jipya, mama mkubwa anasema, watu walilinunua kwa sababu ya watoto, si kwa kujidai.

Nilitaka sana kujua kwa nini mtu ang'ang'anie kitu kama hicho, basi nikaanza kufuatana naye gereji siku za Jumamosi. Kumbe hayuko peke yake. Wako watatu wenye gari la aina hiyohiyo: yeye, Mwalimu, ambaye alistaafu kufundisha hisabati, na fundi bomba mmoja mnene asiyeishiwa utani. Wanakaa kwenye benchi lililolowa oili, mbele ya fundi wa gereji waliyembatiza Sikio, kwa kuwa huisikiliza injini kabla ya kuigusa. Hapo wanakumbushana. Fundi bomba aliwahi kusafiri na watoto saba, mama mkwe na friji, na anaapa kwamba mkwe alilalamika njia nzima ila friji haikusema neno. Mwalimu anakumbuka kile kiti cha nyuma kabisa kinachotazama kule mlikotoka, ambako binti zake walikuwa wakiwapungia madereva wa malori hadi usingizi uwachukue. Mama mkubwa anakumbuka sare mia mbili na arobaini za kwanza, zilizojaa mpaka zikaziba kioo cha nyuma, akawa anarudi kinyumenyume kwa kuwauliza wapita njia.

Vipuri vya gari hilo havitengenezwi tena, kwa hiyo wao huazimana. Taa ya Mwalimu iko kwa fundi bomba, rejeta ya fundi bomba iko kwa mama mkubwa, na mlango wa nyuma wa mama mkubwa sijui ulitoka wapi. Hawaandiki popote. Ukiwauliza kipi ni cha nani, wanakutazama kama umeuliza upepo ni wa nani.

Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza mama mkubwa. Mwaka huu lilitoka tangazo kwamba magari yote ya zamani yakaguliwe upya, na lisilopita liondoke barabarani. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mama mkubwa alikuwa na sare za shule nne za kupeleka. Bila gari hana kazi. Ni hivyo tu.

Tulipanga foleni tangu asubuhi. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye tochi na sauti ya upole. Breki zikapita, taa zikapita. Kisha akainama kwenye boneti, akasugua ubavu wa injini kwa kitambaa, akasoma namba, akaitazama kadi ya gari. Akasoma tena.

"Mama, hii injini si ya gari hili."

"Ni ya gari hili miaka tisa sasa," mama mkubwa akajibu.

Mkaguzi akasema miaka haionekani kwenye kadi. Kadi yenyewe ingeweza kurekebishwa, akaongeza, lakini moshi ule hauna marekebisho, kwani mshale wa kifaa chake cha kuupimia ulikuwa umefika mwisho. Mama mkubwa akajaribu bahati, akamwambia kwamba pengine kaptura yake ya darasa la kwanza aliishona yeye. Kijana akacheka kwa heshima, akagonga muhuri. Siku kumi na nne: lipate injini nzima, au likatwe chuma chakavu.

Njiani nikamuuliza injini yake ilikwenda wapi. Akabadilisha gia, akakata kona. Kisha akanieleza. Miaka tisa iliyopita mke wa Mwalimu aliugua figo, akawa wa kupelekwa hospitali mara tatu kwa wiki, na gari la Mwalimu likamzimikia barabarani mara mbili mgonjwa akiwa ndani. Mama mkubwa akamwambia Sikio abadilishe: nzima iende kwa Mwalimu, iliyochoka ije kwake. Ilikuwa iwe miezi michache tu. Mke akaishi miaka minne, akafariki, na injini ikabaki huko.

"Utamwambiaje mfiwa akurudishie injini?" akaniuliza.

Siku zikaenda. Sikio alizunguka kwa wauza chuma chakavu wote akapata moja tu ya aina ile, nayo ilikuwa imegeuzwa kuwa pampu ya maji. Sare zikazidi kurundikana chumbani hadi tukawa tunapita ubavuubavu. Nilimwambia aseme tu, Mwalimu ni mtu mwelewa. Akasema hilo ndilo tatizo lenyewe. Jumamosi hakwenda gereji, na sikuwahi kumwona akikosa.

Jumapili Mwalimu akabisha hodi. Alikuja kwa miguu, gari lake kaliacha gereji, jasho limemlowesha kola, na hapo mama mkubwa akajua kwamba Sikio amesema. Mwalimu alitafuta pa kukaa akakosa, akasimama katikati ya sketi za bluu.

"Ulikuwa unasubiri nife, Mama Sare?"

"Nilikuwa nasubiri ukumbuke mwenyewe."

"Nimekumbuka kila nilipozungusha ufunguo. Nilidhani wewe ndiye uliyesahau."

Wakatazamana kama watu waliobeba kitu kizito na kila mmoja akidhani amekibeba peke yake. Kisha Mwalimu akasema kwamba wakirudi kutoka hospitali mkewe alikuwa akilala njia nzima. Ile injini yake ya zamani, kwa makelele yake, ingemwamsha. Ndiyo sababu hakuweza kuitoa ile ya mama mkubwa.

"Basi ibaki," mama mkubwa akasema.

"Aliyekuwa akilala hayupo. Wewe una shule nne."

Mama mkubwa akavua miwani, akaifuta kwa mkono wa shati ambao bado haukuwa na shati. Halafu akamwuliza kama ameshakunywa chai, na mimi nikajua kwamba amekubali.

Jumatatu Sikio alizitoa injini zote mbili kwa mnyororo. Mwalimu akamwambia asijisumbue kulirudishia gari lake ile mbovu. Lake libaki pale, anayehitaji mlango achukue mlango. Fundi bomba, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya ajabu, akasema kweli ule wa kushoto ameumezea mate miaka kumi. Mwalimu akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaketi kwenye benchi, na hakuangalia tena upande wa gari lake mpaka kazi ilipokwisha.

Siku ya kumi na tatu tulirudi kwenye foleni. Mkaguzi akasoma namba, akaitazama kadi, akapima moshi, akabandika stika kwenye kioo. Mama mkubwa akauliza ni ya muda gani.

"Mwaka mmoja, mama."

"Mwaka mmoja," akarudia, kama mtu aliyeongezewa mzigo kichwani.

Nadhani kijana alimwonea huruma. Akainamia dirisha akamuuliza taratibu kama hafikirii kupumzika. Gari la nyuma yetu likapiga honi.

"Nafikiria kila siku, mwanangu," akamjibu, mguu ukiitafuta klachi. "Lakini leo nina shule mbili kabla ya saa nane."