Pasi ya Tano

Mwaka wa 2003 Ngina wa Kathiani, mjane, mama ya Mwelu na wadogo zake wawili, alikuwa mpangaji wa kazi katika kiwanda cha nguo huko Athi River. Boila ya pale ilimudu pasi nne za mvuke kwa wakati mmoja, si zaidi. Mashati yakitoka kushonwa, Ngina aliomba nafasi kwenye kompyuta, na programu ikaruhusu yapigwe pasi au ikayaweka foleni. Kanini, mwenzake, alifanya kazi hiyo hiyo kwenye kompyuta nyingine, upande wa pili wa ukumbi.

Asubuhi moja pasi ya tano ikawashwa. Mvuke ukaisha nguvu, na mashati ya kusafirishwa siku hiyo yakabaki na mikunjo. Meneja Ndambuki akamjia Ngina amefura.

"Wewe ndiye ulibonyeza mwisho. Ulikuwa umelala?"

"Kompyuta iliniambia nafasi iko, bosi."

"Kompyuta haidanganyi. Enda nyumbani, tutakuita."

Ngina alijua maana ya kuitwa kwa namna hiyo. Akachukua mkoba. Mlangoni akakutana na Aloys, kijana aliyeitunga ile programu.

"Mama Mwelu, usiende. Rudi tujaribu kitu."

Boila ikazimwa. Aloys akaiambia programu kwamba pasi tatu ziko kazini, akamwomba kila mama akae kwenye kompyuta yake, wabonyeze akipiga makofi. Akapiga. Skrini zote mbili zikajibu: nafasi ipo. Hesabu ikasoma tano.

Aloys akamgeukia meneja mbele ya wote. "Kosa ni langu. Programu inauliza kwanza kama kuna nafasi, halafu ndiyo inaichukua. Wakiuliza pamoja, wote wawili wanaonyeshwa nafasi ile moja. Huyu mama hana hatia."

Ndambuki alikohoa, akamwomba Ngina msamaha. Aloys naye akairekebisha programu: mmoja akiuliza, mwenzake angoje mpaka wa kwanza amalize kuchukua. Pasi ya tano haikuwashwa tena.

Aloys angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Hilo Ngina hakulisahau. Watoto wake wote walisomeshwa na kazi ile, na kila msimu wa maembe alimpelekea Aloys kikapu kutoka shambani.

"Mama, imetosha sasa, miaka yote hii!"

"Kula, mwanangu," Ngina alimjibu akicheka. "Na mbegu uzipande."