Chambo cha Nyuzi za Sweta

Kiharusi kilimwacha baba na mkono wa kulia usiofanya kazi na akili ile ile kali. Ndiyo iliyokuwa shida. Alishinda barazani kwake Ruhuwiko akitazama bodaboda zikipita badala ya kwenda kuvua, maana nyungunyungu havikwi kwenye ndoano kwa mkono mmoja, na kumwomba mtu amvikie chambo aliona ni sawa na kulishwa uji. Bora asiende mtoni kabisa.

Mimi ni fundi wa masweta ya shule, mtaa wa Msamala. Ukiniambia jambo haliwezekani, umenianzishia kazi. Siku moja niliona kwenye simu watu wakivua kwa chambo cha nyuzi, kimefungwa moja kwa moja kwenye ndoano, hakivikwi upya. Nikasema, nyuzi? Mabaki ninayo gunia zima. Nikaomba kwa fundi wa tairi vipande vya risasi, ile metali nzito ya kusawazishia magurudumu, nikavibana kwa koleo kwenye shingo za ndoano ili zizame, nikaanza kufunga.

Cha kwanza kilikuwa chekundu tupu, nyuzi zimekazwa, ncha zimekatwa, fundo halionekani. Tulipanda bajaji hadi mto Ruvuma, nikakijaribu mimi saa nzima. Hakuna samaki aliyekigusa. Baba akakishika, akakigeuzageuza, akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

"We mama, huyu mdudu umemshonea sare. Anasoma darasa la ngapi?"

Nilichukia. Nilichukia zaidi kwa sababu alisema kweli. Maisha yangu yote ya kazi nimeficha kila uzi unaoning'inia, na mdudu wa mtoni hana rangi moja wala hajanyooka. Nyumbani nikafumua kila kitu. Nikachukua nyuzi za kahawia, kijani na njano kidogo, nikazisokota pamoja, nikazikwangua kwa brashi ya waya mpaka zikatoa manyoya na rangi zikaingiliana. Ncha nikaziacha ndefu. Mkono wenyewe ulikuwa unautafuta mkasi, ikabidi mkasi niufungie kabatini. Nilifunga saba, vinne nikavitupa.

Jumamosi iliyofuata baba alishika mwenyewe mwanzi wa kuvulia, kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza ndoano ilinasa kwenye matete, mara ya pili ikatua karibu na mguu wangu. Mara ya tano ikaingia majini. Akawa anauinua mwanzi na kuushusha, kidogo kidogo, mpaka mshipi ukakazika.

Perege alitua kwenye nyasi akirukaruka. Nikainama haraka nimtoe ndoano.

"Mwache."

Baba akamkanyaga taratibu kwa kandambili, akapiga goti, akaanza kuichomoa ndoano kwa mkono wa kushoto. Samaki alimponyoka mara mbili. Nilisimama pale nimefumbata mikono nyuma, machozi yananilenga, sikusogea. Ndoano ilipotoka hakunitazama wala hakunikabidhi samaki. Alikuwa ameshainuka, anarusha ndoano tena.