Gemu Iliyofungwa Sili

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaambia watu wangoje. Dereva anafika na kontena, macho mekundu, miguu imekufa ganzi kwa kukaa, anataka kujua atavuka lini. Namwambia karatasi zinashughulikiwa, boss, vuta subira kidogo. Basi mtu asije kunifundisha habari za kungoja. Nikisema kwamba wale walioipanga ile gemu walitungojesha vibaya, najua ninachosema, na hasira niliyo nayo sijaiazima kwa mtu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala. Tulizaliwa Nambale, mama akatulea peke yake, na gemu hatukuzijua mpaka tukawa watu wazima wenye mishahara. Anayetaka kucheka acheke. Kaka alinunua konsoli iliyotumika, ile mashine ya gemu inayounganishwa na TV, akaiweka katika chumba alichopanga Malaba. Foleni ya malori ikikwama, alikuwa anapita ofisini kwangu kunichukua.

"Ofisa," aliniita hivyo kunitania, maana mimi si ofisa wa mtu yeyote, "funga hiyo laptop. Leo mzigo hauendi mahali."

Gemu yetu ilikuwa ya watu wawili, kaka na dada wanaovuka milima yenye theluji wakiwa na mkokoteni. Mmoja anavuta, mwingine anasukuma, na msipoelewana mnaanguka. Kaka alikuwa yule mwenye koti jekundu, mimi wa koti la buluu. Theluji hatukuwahi kuiona, lakini tuliijadili kama watu walioizoea. Yeye aliuendesha ule mkokoteni kama lori linaloteremka mlimani bila mzigo.

"Breki, kaka! Shika breki!"

"Hii ni mkokoteni, sister. Breki ni wewe."

Sehemu ya kwanza tuliimaliza wakati wa Pasaka, mama akiwa ametutumia kuku wa kuchemsha ambaye alipoa mezani bila kuguswa. Mwishoni kabisa kuna daraja la kamba. Koti jekundu likavuka, daraja likakatika, koti la buluu likabaki ng'ambo hii. Wakasimama wakitazamana juu ya korongo, na maandishi yakatokea kwamba itaendelea. Kaka aliinuka akaitukana ile TV kwa Kiluhya, matusi ambayo sikujua kama anayajua. Kisha tukala yule kuku wa baridi tukibishana ni nani alaumiwe kwa lile daraja.

Sehemu ya pili ilipotangazwa, maisha yalikuwa yamebadilika kidogo. Kaka alikuwa safarini muda wote, konsoli na TV ndogo anavibeba kwenye kabini ya lori. Mimi nilikuwa nimejinunulia kompyuta nzuri. Watengenezaji walisema safari hii wachezaji wawili hawatakaa tena mbele ya TV moja. Kila mmoja atakuwa na mashine yake, wakutane kwa mtandao, na mwenye konsoli ataweza kucheza na mwenye kompyuta bila shida. Tulifurahi sana. Yeye angekuwa yadi ya Mombasa, mimi Malaba, na korongo letu katikati.

Halafu wakaeleza jinsi itakavyotoka. Kwanza kwa konsoli. Wenye kompyuta watapata baadaye, na huko baadaye kwenyewe itauzwa katika duka moja tu la mtandaoni, lililolipia iwe yake kwa muda. Duka lile lingine, ambalo gemu zangu zote zimo, lingengoja zaidi. Niliwaeleza wenzangu ofisini kwa lugha ya kazi yetu: mzigo ni mmoja, meli ni moja, lakini mageti ni matatu na kila geti lina siku yake ya kufunguliwa. Wakaniuliza mzigo una kasoro gani. Nikawaambia hauna kasoro. Ni kwamba mwenye konsoli anataka ununue mashine yake, mwenye duka anataka uingie kwa mlango wake, na mwenye gemu anajua wasio na subira watainunua mara mbili. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nyasi zenyewe zilikuwa hapa Malaba, zikila chapati na chai ya saa nne.

"Hiyo ni ujinga ya wapi?" kaka alinipigia simu akifoka. "Ati mimi nivuke leo, wewe ukae huko kwa baridi mpaka wamalize biashara yao?"

Nilimwambia acheze tu. Ungeweza kucheza peke yako, mashine ikashika nafasi ya mwenzako. Gemu ilipotoka alinunua diski Mombasa, na aliporudi Malaba alikuja ofisini na kisanduku cha chuma alichozoea kuwekea spana. Kilikuwa kimefungwa kwa sili nyekundu ya plastiki, zile tunazofungia malori ya transit, yanayopitisha mizigo kwenda nchi nyingine.

Asiyejua kazi za mpakani aelewe jambo hili. Mzigo wa transit hufungwa sili bandarini, na dereva haruhusiwi kuugusa. Hata mvua ipenye, hata usikie kitu kinavunjika ndani, unaendesha tu. Sili hukatwa mzigo ukifika, mbele ya mwenyewe na shahidi. Dereva aliyefika na sili iliyokatika hana la kujitetea, na kaka katika kazi yake yote hakuwahi kufika na sili iliyokatika. Alijivunia hilo kuliko alivyojivunia kitu kingine chochote.

"Mzigo wa transit haufunguliwi njiani," akasema, akakigonga kisanduku.

"Na unaenda wapi?"

"Unaenda kwako, ofisa. Kompyuta yako ikipata, tutakata."

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Leo nikikumbuka nilivyocheka pale najionea huruma.

Aliugua figo. Ilianza na miguu kuvimba, naye akasema ni kukaa sana, madereva wote wanavimba. Siku moja alishuka kwenye lori hapa Malaba akashindwa kupanda tena. Taniboi wake, msaidizi wake wa safarini, alinikimbilia ofisini, tukampeleka hospitali ya Kocholia, na baada ya kwenda huku na huku kutafuta matibabu, alirudi Nambale kwa mama. Konsoli yake ikawekwa sebuleni karibu na TV, na kisanduku juu yake.

Nilikuwa namtembelea kila nilipopata nafasi. Swali lake lilikuwa lile lile kabla hata sijaketi.

"Kompyuta bado?"

"Bado."

Kununua konsoli ya pili hatukuweza hata kuwaza, tulikuwa tunanunua dawa. Nilimsihi akate sili acheze, nitakaa kando nitazame. Alikuwa amekonda, uso umekuwa wa mtu nisiyemjua, lakini hasira yake ilikuwa ile ile.

"Unataka nivuke nikuache?"

"Kaka, wewe ulishavuka. Mimi ndiye niliyebaki ng'ambo."

"Basi nitakungoja hapo hapo."

Mama alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Akauliza ni nani anavuka mpaka na hali hii ya ugonjwa.

Siku ya kompyuta ikafika. Nilikuwa nimefungua akaunti katika lile duka jipya mapema, nijiweke tayari. Na hapo ndipo utamjua mtu wa mpakani. Sisi hapa tuna laini mbili za simu, ya Kenya na ya Uganda, na mtandao tunatumia wa ile yenye bando nafuu wiki hiyo. Wiki niliyofungua akaunti, ya Uganda ilikuwa nafuu. Duka likaniandika Mganda. Nilipotaka kulipa kwa kadi ya Kenya likakataa, likasema nchi ya malipo si nchi ya mteja. Niliwaandikia. Wakanijibu kwa adabu sana kwamba nithibitishe ninakoishi. Nikathibitisha. Wakaniambia ombi langu linashughulikiwa, nivute subira.

Mimi! Nilikaa kwenye kiti changu pale Malaba, mpaka ninauona dirishani, nikapiga meza kwa ngumi. Wanasema subira huvuta heri. Kwetu kuna wanaosema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi siku hiyo nilikuwa upande wao.

Nilipomweleza kaka kwa simu, alicheka mpaka akakohoa. "Agent wa customs ameshikwa border!" alisema. "Lipa kitu kidogo, boss, wakuachilie!" Nilimsikia akimsimulia mama, akicheka tena. Sikumsikia akicheka baada ya hapo. Nilikuwa ofisini bado nangoja jibu mama aliponipigia, akataja jina la kaka tu, akaangua kilio.

Sina njia ya kulisema hili kwa ustadi. Moyo wangu ulivunjika. Alikuwa mwenzangu wa tangu utotoni, mtu pekee aliyeniita ofisa, na hakutaka kitu kikubwa. Alitaka kucheza gemu na dada yake. Mahali fulani kulikuwa na watu wazuri tu, wenye mipango mizuri ya biashara, ambao hawakumjua na hawakumtakia mabaya, na mipango yao ikawa mirefu kuliko maisha yake. Siwezi kuwashtaki. Lakini sijawasamehe, na sijui nawasamehe vipi watu nisiowajua.

Jibu lilikuja baada ya mazishi, turubai bado zikiwa uani. Lilinishukuru kwa subira yangu. Nilikuwa Mkenya tena. Nikainunua ile gemu, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Nikasubiri wageni wapungue, mchana mmoja nikabeba kompyuta yangu hadi Nambale.

Mama alinitazama nikikigeuzageuza kile kisanduku. Nikamweleza kuhusu sili, kwamba hukatwa mzigo ukifika, mbele ya mwenyewe na shahidi. Aliingia jikoni, akarudi na kisu cha kukatia sukumawiki.

"Shahidi ni mimi," akasema. "Kata."

Nikakata. Diski ilikuwa ndani ya karatasi yake ya nailoni, haijachanwa hata pembeni. Miezi yote ile, amelala kwenye kochi la sebuleni, mashine iko hatua chache kutoka kwake, na hakuigusa. Nililia pale sakafuni kama mtoto, na mama akaniacha nilie.

Niliwasha mashine zote mbili. Nilimpa mama pedi ya kaka, ile ya kuchezea, vifungo vyake vimelainika kwa vidole vyake.

"Mimi nitafanya nini na hii kitu?"

"Utabonyeza hapa tu, mama. Yeye anatupa kamba, mimi navuka."

Theluji ikatokea kwenye TV. Korongo ni lile lile. Kwenye kompyuta yangu alisimama dada wa koti la buluu. Ng'ambo, juu ya jabali, alisimama kaka wa koti jekundu, mabega yamejaa theluji. Mama alisogea karibu na TV akaitazama kwa muda.

"Huyu ndiye yeye?"

"Ndiye ambaye kaka alikuwa akimchezesha."

"Na amesimama hapo kwa hiyo baridi tangu lini?"

"Tangu ile Pasaka ya kuku."

Mama hakubonyeza. Aliiweka pedi mapajani, akaifunika kwa leso yake.

"Mwache apumzike, mwana wanje, mwanangu," akasema. "Amesimama sana. Usimwite tena."

Nikaondoa mikono yangu kwenye kompyuta.