Chakula Baridi cha Mama Mdogo Speransia

Nilipokuwa mtoto nililelewa na bibi, mama yake baba, huko Kiruruma, kwa sababu wazazi wangu walikuwa walimu Kamuli, upande wa Kyerwa, na chumba walichopewa na shule kilikuwa kinavuja. Sikujiona nimetengwa. Kwa bibi kulikuwa na kibanja kikubwa cha migomba na kahawa, kulikuwa na mbuzi wa kuchunga, na kulikuwa na jiko ambalo moto wake haukuzimwa. Bibi alikuwa na sheria moja ya chakula ambayo sikuikuta kwa majirani: kitu kilichopikwa hakikuliwa kwake kikiwa kimepoa.

Wenzangu asubuhi walikula kiporo cha ndizi na maharage kama kilivyolala, wakakimbia shule. Changu kilirudishwa motoni mpaka kitoe mvuke, hata kama kengele imeshagongwa. Nilipomuuliza, bibi alinieleza kwamba zamani, kabla ya kanisa, kila kibanja kilikuwa na kijumba kidogo cha nyasi cha kuwawekea chakula wazee waliokufa. Chakula hicho kiliachwa kipoe, kwa kuwa wafu hawawezi kitu cha moto. Kwa hiyo kilichopoa ni chao, na mtu aliye hai akikila anawaita waje kukaa naye. Jumapili bibi huyohuyo alikaa benchi la mbele kanisani, rozari mkononi, na sidhani kama aliona mambo hayo mawili yanagombana.

Niliamini kabisa. Nilikuwa nikimeza uji unaounguza huku machozi yananitoka, nikijua kwamba afadhali ulimi uungue kuliko kugeuka na kukuta mtu nisiyemfahamu amekaa kando yangu.

Nilipokuwa darasa la nne, baba mdogo Denis, mdogo wake baba aliyebaki nyumbani kulima, alioa. Mke wake, Speransia, alitoka katika familia ya Warundi waliohamia kwetu na kuishi kwa vibarua vya kulima. Kabla ya kuolewa alikuwa amefanya kazi jikoni kwa masista fulani Wafaransa, na alikuja na sufuria nzito yenye mfuniko pamoja na maneno ya Kifaransa ambayo yote yalikuwa ya vyakula. Alikuwa mwembamba, mpole wa kusema, na alipokuwa anapika aliongea na mboga. Kirundi chake na Kinyambo cha bibi vilikaribiana sana, wakaelewana tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ugomvi ulipokuja, hawakuweza kuisingizia lugha.

Ulikuja na kiangazi. Mwezi wa saba kwetu ni mwezi wa kahawa na vumbi. Tangu asubuhi tulikuwa mashambani tunachuma, kisha tunaanika kwenye majamvi uani, na mchana tunaporudi tumechoka tunakalishwa mbele ya sinia la ndizi linalofuka mvuke. Tulikula huku jasho linatudondokea sahanini. Mama mdogo alituangalia wiki nzima, halafu akasema kwamba kwa masista, siku za joto, watu hawakuteswa namna hii. Walipika alfajiri kukiwa na ubaridi, wakaacha sufuria ipoe yenyewe, na mchana wakala kivulini, wakicheka. Sista mmoja mzee ndiye aliyemfundisha. Alisema kwao Ufaransa majira ya joto ni ya chakula chepesi, mboga za bustanini tu, na familia nzima hukaa nje mpaka jua linapopungua.

Siku ya kwanza alipojaribu, bibi aliikuta sufuria juu ya meza imefunikwa. Akaigusa, akauliza ni chakula cha nani. Mama mdogo akasema ni cha wote, cha mchana. Bibi hakufoka. Aliibeba mwenyewe akaipeleka jikoni, akachochea kuni, na tulipoletewa, biringanya zilikuwa zimerojeka kama dawa. Mama mdogo alikula zake zote. Jioni nilimwona nyuma ya nyumba anaisugua sufuria yake kwa majivu muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nadhani baba mdogo aliona pia, kwa sababu Jumapili iliyofuata alimwambia mama yake, kwa adabu zote, kwamba leo anaomba mkewe apike kama alivyofundishwa, na kila mtu awe huru kula au kuacha. Bibi alikuwa anafunga kitenge kwenda misa. Alikaza fundo kwanza.

"Mimi simo," alisema. "Lakini atakayekuja, msiniambie nimpokee."

Sijawahi kuona mtu anapika kwa furaha kama mama mdogo asubuhi ile, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Alinifundisha kukata biringanya na kuzinyunyizia chumvi zitoe machungu, kuchagua nyanya zilizoiva kwa kuzinusa kwenye kikonyo, kukaanga kila mboga peke yake kwa mafuta ya alizeti kabla ya kuzikutanisha. Chakula hicho alikiita ratatuyi, na tulicheka kila nilipojaribu kulitamka jina. Majani ya kunukia ya masista hayapatikani kwetu, basi akatia mujaja, yale majani tunayoweka kwenye chai, akaonja, akafumba macho kidogo. Kulikuwa pia na matango yaliyokatwa membamba ndani ya maziwa mgando, na maharage mabichi yaliyochemshwa, yakapozwa, yakachanganywa na kitunguu na ndimu. Tulipomaliza jua lilikuwa halijapata nguvu. Sufuria ikakaa dirishani kupoa, nami nikawa nakwenda kuigusa, nusu kwa hamu na nusu kwa hofu.

Mchana tulitandika jamvi chini ya mparachichi. Baba mdogo akaenda kumwita jirani yetu aje kula. Bibi alikuwa amerudi misa na kuingia jikoni kupika ndizi zake mwenyewe, akatugeuzia mgongo. Mama mdogo alinipakulia. Nakumbuka tonge la kwanza vizuri kuliko ninavyoikumbuka komunyo yangu. Chakula kilikuwa kitamu, cha baridi, kinateleza, na kila mboga ilikuwa bado na ladha yake. Niligundua kwamba nilikuwa sijawahi kuonja chakula kilichopikwa bila ulimi kuungua kwanza. Nikala haraka, na nilipokuwa nachovya kipande cha mkate nikaona mtu amesimama kwenye ua wa minyaa.

Alikuwa mwanamume mrefu, koti limempwaya, begi la kamba begani, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Hakupiga hodi. Alikuwa anatazama nyumba, kisha mparachichi, kisha nyumba tena. Nikaacha kutafuna.

Mama mdogo hakuwa na hofu yoyote. Aliona mgeni aliyetembea juani. Akamkaribisha, akampa maji ya kunawa, akampakulia sahani imejaa, na yule mtu akakaa jamvini kando yangu, palepale nilipoogopa maisha yangu yote kwamba mtu angekaa. Alikula, akafuta sahani kwa mkate. Mama mdogo alikuwa ndio kwanza anamuuliza ametoka wapi, bibi akatokea mlangoni mwa jiko.

Yule mtu akainuka. "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Alimtazama kwa muda, akaitazama sahani tupu, akamwambia mama mdogo kwa sauti ya chini, "Usimwongeze." Kisha akarudi ndani.

Wakati ule sikujua huyu ni nani. Nilikuwa sijazaliwa alipoondoka. Alikuwa Byarugaba, mtoto wa kwanza wa bibi, kaka yake baba, aliyekwenda Uganda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa. Mwanzoni salamu zilifika, baadaye zikakoma, na mwishowe mtu mmoja akarudi na habari kwamba ameugua na kufa huko. Jina lake halikutajwa pale nyumbani. Mimi niliyaelewa hayo yote baadaye. Pale nilichojua ni kwamba mtu ametoka juani, amekula chakula kilichopoa, na bibi amekataa salamu yake. Nikasogea mpaka mgongo ukagusa mti.

Bibi akatoka tena. Mkononi alikuwa na jani la mgomba, juu yake kipande cha ndizi kilichotolewa chunguni wakati huohuo, mvuke unapanda. Kilikuwa kinamuunguza vidole lakini hakukiachia. Akasimama mbele ya yule mtu.

"Kula hiki."

Akakipokea kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa, akakitia mdomoni chote. Nilimwona macho yakimtoka. Akajikaza kutafuna, akashindwa, akakitema kiganjani, akawa anavuta hewa kwa mdomo.

"Kimeniunguza, mama."

"Kimekuunguza?"

"Ulimi wote."

Bibi akamshika kidevu, akamfungua mdomo kama anavyomfungua mbuzi, akauangalia ule ulimi. Ulikuwa mwekundu. Ndipo akakaa chini vumbini na kitenge chake cha misa, akamvuta mwanawe kwa lile koti mpaka naye akaketi.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, Byarugaba. Marahaba, baba."

Baba mdogo aliporudi na jirani aliwakuta hivyo, na mama mdogo amesimama na upawa, hajui kama ameharibu au ametengeneza. Mengine yalikuwa ya kawaida. Baba mkubwa aliugua kweli, lakini hakufa. Alitoka hospitali bila kitu na akaona aibu kurudi mikono mitupu, na kila mwaka aibu ikaongezeka. Siku ile alikuwa amepanda basi hadi Kayanga na kutembea sehemu iliyobaki kwa sababu nauli ilikwisha. Mama mdogo alipewa ufunguo wa ghala la maharage wiki ileile, na kwa mwanamke aliyeolewa kwetu hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Mtoto wa darasa la nne alihitimisha kirahisi: bibi alisema atakuja mtu, na mtu akaja. Niliishi na hitimisho hilo miaka mingi. Tulipomzika bibi ndipo nilipoligusia mbele ya baba mdogo Denis, nikasema kwa mapenzi tu kwamba bibi alikuwa na imani zake za kale. Akanitazama kwa mshangao. Akasema wao walipokuwa wadogo walikula kiporo kila asubuhi kama watoto wengine, na mama yao ndiye aliyewapakulia. Habari za kijumba cha nyasi aliwasimulia, ndiyo, kama hadithi. Sheria ilianza baadaye, baada ya wazee wa ukoo kuja kumwambia kwamba Byarugaba amekufa, wazike mgomba badala ya mwili, wamwekee chakula, waanue matanga. Bibi aliwasikiliza, akawapa chai, akawaambia hapana. Kuanzia siku hiyo hakikupoa kitu jikoni kwake.

Nina watoto sasa, na nimefika umri wa kujua hofu ya mama inavyokaa mwilini. Nilidhani bibi alikuwa anawaogopa wafu. Alikuwa anamkatalia mwanawe nafasi kati yao, kwa njia pekee aliyokuwa nayo mwanamke wa jikoni, kila siku, asubuhi na jioni, bila kumweleza mtu. Hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja hakuniambia. Labda kama angesema kwa mdomo, angelazimika kusikia jinsi matumaini yake yalivyokuwa madogo.