Mtu-kiboko achague classe gani? Mama yangu alielewa vingine kabisa

Wakuu, amahoro.

Nawaandikia kutoka Rumonge, Burundi, huku kando ya ziwa Tanganyika. Haya yamenitokea mwenyewe na mashahidi wapo, mmoja wao anauza ndagala, yaani dagaa, sokoni hadi leo. Chumvi sijatia. Mkiona mahali nimeonekana mjinga, basi ndivyo ilivyokuwa.

Najua wapo watakaocheka kwamba uzi mzima ni wa mchezo. Chekeni tu, hata mimi nilianza hivyo hivyo.

Kwanza mnijue. Naitwa Égide, fundi simu. Nilizaliwa kambini Kigoma, tukarudi Burundi nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kiswahili changu kilikuwa safi, Kirundi cha kuombea maji, Kifaransa sifuri. Na shule hapa ni Kifaransa. Mwalimu anaongea, mimi namwangalia mdomo.

Nilijikaza mpaka mwaka wa kumi, nikaacha.

Mama hakunigombeza. Alinyamaza siku mbili, halafu akaikunja sare yangu akaiweka chini kabisa ya sanduku. Mngemjua mama yangu anavyopenda kuongea, mngeelewa siku mbili hizo zilikuwa adhabu gani.

Sasa turudi kwenye mchezo.

Rafiki yangu Salvator anafundisha fizikia hapa mjini. Dada yake anaishi Ubelgiji, akamletea kitabu kinene cha mchezo wa mezani, chote Kifaransa. Kwa wasioujua: hakuna kompyuta, hakuna ubao. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema huyo mhusika anafanya nini, kisha bahati inaamua.

Kitabu kinataka dadu lenye pande ishirini. Sisi tuna vifuniko ishirini vya soda vyenye namba, vimo ndani ya soksi. Unaingiza mkono, unatoa kimoja. (Soksi ni safi, msiulize.)

Mhusika unamchagulia mambo mawili. La kwanza, asili yake. Kitabu kinasema race. Sisi tunasema ukoo, kwa sababu lile neno lingine la Kiswahili, lile ambalo watu waliuana kwa ajili yake, tulikubaliana lisikae kwenye meza yetu. Warundi mtanielewa.

La pili, kazi yake: mpiganaji, mwizi, mponyaji na kadhalika. Kuna na fundi wa nguvu za ajabu, tuliyekuwa tunamwita mchawi mpaka Zubeda akatukataza. Zubeda ana duka la dawa na tunachezea barazani kwake. Wapita njia wanasikia mtu anasema "mimi ni mchawi", kesho nani atanunua dawa pale?

Hiyo kazi kitabu kinaiita "classe". Lishikeni neno hilo, ndilo lililoniponza.

Ukoo nilichagua haraka. Kurasa za nyuma kabisa kuna mchoro wa mtu-kiboko. Viboko huku tunawajua, wanatoka ziwani wanakula mihogo ya watu kule Minago, na hakuna anayewapenda. Nikasema huyu wangu. Na mimi mwenyewe ni mtu wa kilo nyingi, kwa hiyo Jumaine, yule muuza ndagala, alisema sikuhitaji hata kuigiza.

Shida ikawa classe.

Wote wakasema mpiganaji. Ana nguvu, ana ngozi nene, unataka nini tena? Lakini Jumaine alikuwa mpiganaji tayari. Mimi nilitamani mwizi, ila Zubeda ndiye mwizi wetu, na ni hodari kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Halafu fikiria kiboko amejificha nyuma ya pazia.

Wiki nzima sikuamua.

Siku moja niko nyumbani nafungua simu ya mteja, Salvator akapiga. Mikono ina kazi, nikaweka spika.

"Égide, tunaanza dimanche. Classe yako umeshachagua?"

Nikamjibu, "Bado, professeur. Lakini dimanche nitaingia tu."

Mama alikuwa uani anachambua maharage, anasikia kila neno.

Kesho yake alirudi kutoka sokoni na daftari jipya na kalamu ya wino. Kwenye jalada kuna ile mistari mnayoijua: jina, shule na classe, neno ambalo kwa Kifaransa ni darasa pia. Jina langu alikuwa ameshamwomba mwenye duka aliandike, maana yeye hajui kuandika.

Akaniambia, "Imana ishimwe, Mungu ashukuriwe, mwana wanje. Nilijua utarudia masomo."

Wakuu, hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Nilisema tu asante, "urakoze, mama", nikaendelea na simu ya mteja.

Ikafika hiyo dimanche, Jumapili, na kanisani wakati wa shukrani mama akasimama. Akawaambia watu wote kwamba mtoto wake amerudi shule. Wakapiga makofi, wengine wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya kula natoka kwenda kwa Zubeda, namkuta mama mlangoni amevaa kitenge chake cha sherehe, mkononi kidumu cha mawese. Anakwenda kumshukuru professeur.

Tulitembea. Kila hatua najiambia nitasema, sisemi. Tulipofika karibu na stendi ya mabasi ya Nyanza-Lac nikasimama, nikamweleza yote. Kwamba hakuna shule, kwamba ni mchezo, kwamba classe ni kazi ya mtu wa hadithi. Kwamba mtu mwenyewe ni kiboko.

Mama akakitua kidumu.

"Classe ya kiboko?"

"Ego, mama, ndiyo."

Macho yake yalijaa machozi na hakuyafuta. Nilijiona mtu wa hovyo kabisa. Halafu akainama akakinyanyua kidumu.

"Mafuta nimeshabeba mpaka hapa," akasema. "Twende."

Salvator alipopewa mawese alichanganyikiwa. Nilipomweleza kwa nini, aibu ikatupata wote wawili. Zubeda akamletea mama kiti, na mchezo ukaanza nikiwa sina classe bado.

Mama alikaa na mikono mapajani. Salvator anasimulia, Jumaine anatafsiri kwa Kirundi pale inapobidi. Tuliingia pangoni, tukakutana na mnyama. Jumaine akatoa kifuniko namba mbili, mhusika wake akarushwa ukutani, akaanguka anavuja damu. Sisi tukaendelea kubishana. Zubeda anataka kumzunguka mnyama kwa nyuma. Mimi nasema kiboko amkalie. Tulibishana muda mrefu, na kwa raha kweli.

Mama akauliza polepole, "Na huyu mugonjwa?"

Salvator akamwambia yule amelala tu, Maman, ataendelea baadaye.

"Amelala, lakini iko na nani?"

Zubeda akaacha kubishana.

Lazima niwaambie kwamba kambini mama alikuwa mhudumu wa afya. Si daktari, ni wale wanaopita nyumba kwa nyumba na kubeba wagonjwa kwa machela hadi zahanati. Alifanya hivyo miaka mingi, ile ya kwanza na mimi mgongoni mwake. Sikuwa nimelifikiria hilo kwa muda mrefu sana.

Akanigeukia. "Kule kambini hatukuuliza nani iko na nguvu. Tuliuliza mugonjwa iko na nani. Wewe iko mukubwa, utamubeba. Unatafuta nini ingine?"

Nikamwambia Salvator, andika mponyaji.

Na wakuu, kwa wachezaji waliomo humu: inafanya kazi vizuri ajabu. Mtu-kiboko havai deraya, hakuna inayomtosha, lakini ngozi yake inamkinga, kwa hiyo anaweza kusimama katikati ya vita akitibu bila kuanguka. Anazama majini nusu saa, akibeba majeruhi mgongoni. Siku hiyo hiyo nilimtoa Jumaine pangoni kupitia mtoni. Mpaka leo ananiita daktari mbele ya wateja wake.

Kingine sikukitarajia. Kurasa za mponyaji ndizo ndefu kuliko zote, na ni Kifaransa kitupu. Sikuwa na daftari lingine, nikaanza kuandika maneno kwenye lile la mama. Plaie, kidonda. Souffle, pumzi. Kila Jumapili Salvator ananisahihisha, hanicheki. Kwa mara ya kwanza maishani nasoma ukurasa wa Kifaransa nikitaka kujua mwisho wake.

Mama alisimama tena kanisani. Alisema alikosea, mtoto wake hakurudi shule, ila anajifunza na ameona kwa macho yake. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Nilimshukuru nyumbani, safari hii kwa maneno mengi kuliko "urakoze".

Kwenye jalada la daftari, mstari wa classe ulikuwa bado mtupu. Nikaandika "mponyaji" kwa penseli, hafifu, kwa sababu bado niliona haya. Mama akaniona.

"Umeandika nini hapo?"

Nikamsomea.

Akanyoosha mkono, akanipa ile kalamu aliyoninunulia. "Andika na wino."

Nilichojifunza: ukichagua classe, usianze na mwili wa mhusika wala sifa zake. Tazama kwanza walioketi nawe wanakosa nini. Na neno likieleweka vibaya nyumbani, lirekebishe siku hiyo hiyo, usisubiri mpaka mawese.

Namshukuru Salvator, Zubeda na Jumaine. Mama sijui nitamshukuru kwa lipi na niache lipi.

Yuko hapa pembeni, anauliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia kuna watu wengi wananisoma, wana meza zao na watu wao, na nataka waniambie wangemchagulia kiboko classe gani. Amesema hilo si swali. Anasema niwaulize, kwenu kule, mugonjwa iko na nani?